Beseni la Uvunguni

Matapishi ya mumewe yalikuwa yamenata kwenye mkeka, na harufu ya pombe ya gongo ilimjaa Rukaya puani kila alipoinama kufuta. Alishikwa na kinyaa, lakini akina mama wa mtaa walikuwa wameshapiga hodi na uji wa mgonjwa. Akalisukuma beseni la matapishi uvunguni mwa kitanda alichokuwa amelalia mumewe akikoroma.

"Malaria imerudi tena," aliwaambia mlangoni, kama alivyowaambia mwezi uliopita.

Walimpa pole, wakakaa barazani. Bi Shekue peke yake aliingia mpaka ndani. Alinusa, akapiga magoti, akalivuta lile beseni na kuanza kufuta palipobaki.

"Acha, Bi Shekue, utachafuka."

"Mume wangu nilimwita mgonjwa wa malaria miaka tisa, mwanangu. Siku ya maziko ndipo watu waliponiuliza mbona sikuwaambia."

Rukaya aliitazama mikono ya Bi Shekue, akajichukia kuliko alivyoyachukia yale matapishi. Huko nje mtu akauliza mgonjwa anaendeleaje. Alilinyanyua beseni, hakulifunika, akaelekea nalo barazani.