Kondoo wa Sikukuu

Mahfudha alimpasua kondoo tumbo kwa ncha ya kisu, akamshindilia pilipili mbuzi zilizopondwa, kisha akalifumba tumbo taratibu kwa vidole.

Kondoo mwenyewe alikuwa tonge la wali wa nazi lililojazwa nyama ya kusaga, na ule wali mweupe ndio manyoya yake. Macho alimwekea zabibu mbili. Akampanga katikati ya kikopo kipana cha chakula cha shule, kando yake wanakondoo wawili wasio na pilipili, chapati zilizokatwa umbo la mwezi mchanga na nyota za tikiti maji. Shule ilikuwa na sherehe ya Idi Kubwa, na Mwalimu Idah alitaka kila mtoto aje na chakula kilichopambwa. Wazazi nao walikaribishwa.

Tangu muhula uanze, Twahir alikuwa akirudi nyumbani na kikopo kitupu na tumbo tupu. Akifika tu anavamia sufuria. Mamake akimuuliza nani anayemlia chakula, mtoto anainamisha kichwa. Babake, Athman, aliyempeleka shule kila asubuhi kwa pikipiki, hakuona neno. "Watoto ni watoto," alisema. "Wewe ongeza tu chakula."

Mahfudha akaongeza, na Twahir akazidi kurudi na njaa.

Kisha siku moja Marvin, mtoto wa jirani, akamwambia mlangoni, "Mama Twahir, zile kaimati zako za jana zilikuwa tamu!"

Damu ikamchemka. Marvin ni mwana wa Janet, na Janet ndiye aliyeutangazia mtaa mzima wa Shela kwamba sambusa anazouza Mahfudha ni za nyama iliyolala. Tangu maneno hayo, karai la sambusa lilikaa kavu. Sasa mwanawe anashiba kwa mkono uleule uliotukanwa! Basi na ale. Aungue mbele ya mamake na mbele ya watu.

"Twahir, njoo," aliita. "Kondoo huyu mkubwa usimguse. Wako ni hawa wadogo."

"Mkubwa wa nani?"

"Wa yule anayekula chakula chako kila siku."

Mtoto akamkodolea macho. "Kwani umejua, mama?"

"Nimejua."

"Na hukukasirika?"

"Hata kidogo," alisema Mahfudha, akimpangusa shavu. "Mpe mwenyewe kwa mkono wako. Mwambie mamangu kakupikia."

Uso wa Twahir ukang'aa kama aliyetuliwa mzigo. Akakikumbatia kikopo mpaka shuleni.

Ukumbini, Mahfudha alichagua kiti kilichomkabili Janet. Alitaka kumwona vizuri uso wake utakapobadilika.

"Idi Mubarak, mama Twahir," alisema Janet.

"Na kwako," alijibu Mahfudha kwa nusu mdomo.

Watoto wakafungua vikopo, kelele zikajaa. Marvin alikuwa na mkate wa mayai uliochorwa uso wa ngamia. Akatafuna kidogo, akainuka, akaenda moja kwa moja hadi meza ya Twahir. Mahfudha akashika ukingo wa kiti. Marvin akawatazama wale kondoo, akacheka, akarudi kwa ngamia wake.

Twahir alikuwa amekwisha kuondoka. Mahfudha alimtafuta kwa macho, hakumwona.

Ndipo ukelele ukapasuka upande wa chekechea.

Alikuwa msichana mdogo, pengine hajatimiza miaka mitano, mikono yote miwili mdomoni, machozi na makamasi yakimchuruzika. Miguuni pake kondoo alikuwa amepasuka, nyama nyekundu nje. Mahfudha alifika kabla ya mwalimu. Akampakata, akamtoa pilipili ulimini kwa ncha ya mtandio wake, akapiga ukelele aletewe maziwa. Aliyeyaleta mbio alikuwa Janet.

"Kunywa, mwanangu, kunywa," Mahfudha alimbembeleza. "Nisamehe, mama. Kunywa."

Kifua cha mtoto kilipotulia, aligeuka. Twahir alikuwa amesimama nyuma yake, analia.

"Nilikwambia nini?" alimnong'oneza kwa hasira. "Nilikwambia umpe anayekula chakula chako!"

"Ndiye huyu, mama," alisema Twahir kwa kwikwi. "Baba aliniambia nimpe chakula changu kila siku, kwa sababu ni dadangu."