Nusu Nyingine ya Nauli

Jua la utosini, nauli imekatwa nusu, na bado Koasta ya Beda ilikuwa na mtu mmoja tu: konda wake Lazaro, anakoroma siti ya nyuma.

Asubuhi gari lilijaa mpaka mlangoni kwa nauli kamili. Jioni vilevile. Lakini tangu tajiri mwenye gari apunguze nauli ya mchana, hata wale wachache wa zamani walitoweka. Binadamu bwana, ukimrahisishia anakushuku. Na tajiri alikwisha kusema: wiki hii gari lisipojaa mchana, linauzwa, dereva atafute kazi nyingine.

Pale stendi ya Kilosa, Beda alimwona Yusrah, muuza nyanya, akipatana na bodaboda hadi Mikumi.

"Dada, unatupa hela na gari lipo?"

"Kaka Beda, tajiri hapunguzi bure," alisema Yusrah bila kumtazama. "Nusu tunalipa kwa konda. Nusu nyingine tutailipa wapi? Watu wanasema anatafuta wa kumtoa kafara."

Beda alichukia mpaka akakosa hamu ya kula. Ujinga mtupu, nao ndio utakaomlaza njaa.

Jioni alimwamkia mama yake, Bi Generoza, akamweleza yote: uvumi, gari kuuzwa, ada za watoto. "Kesho mchana panda nami, mama. Kaa mbele, wakuone."

Mama aliichukua rozari yake. "Wajukuu zangu wasikose kula," akasema. "Nitapanda."

Kesho yake alikuja na kitenge cha Pasaka. Kuku wake wote alikwisha kuwagawia majirani. Pale stendi alimpa mkono kila mtu, hata Yusrah, nao wakamtazama kwa huruma. Hakuna aliyepanda, lakini Beda alijipa moyo: wakimwona anarudi mzima, kesho watagombea siti.

Njia nzima mama alifumba macho, rozari mkononi. Beda aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo.

"Tumefika Mikumi, mama. Umeona? Salama salimini."

Mama akafumbua macho. Akayatazama malori yaliyopaki, akaitazama mikono yake, kisha akakaza kitenge.

"Haya, mwanangu," akasema kwa upole. "Basi kafara mtanitoa wakati wa kurudi."