Kufuli la Augustino

Badria alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa na mkasi wa kukatia nondo mkobani, ameuviringisha kwa kanga. Mkasi ulikuwa wa mjomba wake Mudi, fundi gereji wa Buguruni, na aliuazima kwa uongo. Aliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Hasira yenyewe ilikuwa dhidi ya mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni, aitwaye Augustino.

Chuo chao kilikuwa chumba kimoja kipana huko Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa. Walijifunza kuendesha mitambo ya viwandani kwa kompyuta, na walijifunza kwa mikono, si kwa madaftari. Kulikuwa na paneli tatu za mazoezi, kila moja na mota yake, sensa yake ya kuitambua chupa, na mkanda mfupi wa kupitisha chupa. Unaandika maagizo, mkanda unatembea, chupa ikifika mbele ya sensa mkanda unasimama. Mkanda ukisimama, umefaulu. Usiposimama, chupa zinaanguka na wenzako wanacheka.

Chupa za Badria zilishaanguka mwaka jana, mbele ya wakubwa wa kiwanda cha biskuti waliokuja kuchagua vijana wa kuajiri. Sasa walikuwa wanarudi kesho, Ijumaa. Mama yake, muuza viatu vya mitumba pale Mchikichini, alikuwa amemwambia kwa upole uliouma kuliko matusi, "Mwanangu, ikishindikana na safari hii, njoo tu tukae wote mezani kwangu."

Na wanafunzi walikuwa kumi na wanne wakigombania paneli mbili. Ya tatu, kubwa na nzuri kuliko zote, haikuwashwa hata siku moja. Swichi yake kuu ilitiwa kufuli jekundu, na kwenye kufuli ilining'inia kadi yenye picha ya kijana anayetabasamu. Iliandikwa: *Usiwashe. Niko ndani. Augustino.*

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Mwalimu Kasmir, mzee wa Kilimanjaro aliyewahi kuwa msimamizi wa zamu kiwandani. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alipewa kufuli lake na kadi yake. Kabla hujaingiza mkono kwenye mtambo, unazima, unafunga, ufunguo unautia mfukoni. Kufuli la mtu hufunguliwa na mwenyewe tu.

"Na kama mwenyewe ameondoka, mwalimu?" Badria aliwahi kuuliza.

"Umemwona akiondoka?"

"Sijamwona. Lakini si hayupo?"

"Basi mtafute. Mwite kwa jina. Zunguka nyuma ya mtambo, uchungulie..."  Mzee akajifanya anatafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa.

Darasa zima liliamini Augustino ni mwanafunzi wa zamani aliyetokomea na ufunguo. Uledi, mcheshi wao, alidai jamaa yuko Afrika Kusini, kaoa, na ufunguo kauvaa shingoni. Mwanzoni Badria alicheka. Wiki hii hakucheka tena. Alikuwa akipata dakika kumi kwa siku za kushika mtambo, na paneli nzima imekaa bure kwa ajili ya mtu asiye na adabu.

Saa saba mchana wenzake walishuka kula kwa mama ntilie. Uledi alipishana naye kwenye ngazi.

"Mambo, dada Badria? Hushuki?"

"Poa. Sina njaa. Mwalimu yuko wapi?"

"Kaenda kula."

"Umemwona?"

"Dada nawe! Saa saba hii mtu mzima aende wapi kama si kula?"

Ilikuwa kweli kwamba kila saa saba mwalimu hakuonekana. Anakula wapi, hakuna aliyejua.

Chumba kilikuwa kimya. Kutoka chini zilisikika kelele za wasukuma mikokoteni wakiomba njia. Badria aliufungua mkoba, akaufunua mkasi. Picha ya Augustino ilimtabasamia vilevile, kama siku zote.

"Nisamehe, kaka yangu," alisema, na akashangaa kuona machozi yanamtoka. Akalishika kufuli ili aliingize kwenye meno ya mkasi.

Kufuli likamfuata mkononi.

Halikuwa limefungwa. Chuma chake kilishakatwa zamani, mkato mmoja safi, upande uliogeuziwa paneli, na penye mkato pameingia kutu. Miezi yote hiyo walikuwa wakiogopa kufuli lililokatwa. Badria alisimama nalo kiganjani, akaligeuzageuza. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho. Akaliweka mezani, akapeleka mkono kwenye swichi.

"Hujaita jina, Badria."

Sauti ilitoka nyuma ya paneli. Alizunguka, akachungulia. Mwalimu Kasmir alikuwa amekaa chini sakafuni, mkono mmoja wenye kitambaa ameuzamisha hadi kwenye kiwiko ndani ya mkanda, akipangusa mahali pasipokuwa na vumbi lolote. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mkasi ukamponyoka Badria, ukalia sakafuni. 

"Mwalimu! Wallahi nilidhani... nilidhani umeenda kula."

Mzee aliutazama mkasi kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na kitu chake kilichopotea.

"Na mimi, siku nilipolikata kufuli hilo kiwandani," alisema, "nilidhani mwanangu kaenda kula."