Aliyetoka Kwenye Kinundu

Hadi leo sijajua kama Nyigu alimtambua yule mtoto kabla ya kuambiwa.

Alikuwa ametaga yai ndani ya chipukizi la mgunga, na chipukizi likavimba kuwa kinundu, nyumba ya mwanawe na chakula chake. Nyigu mwingine akapita. “Dada, nyumba yako kubwa. Nihifadhie yai langu humo.” Akamkubalia, kwani si ada kumfukuza mgeni.

Siku ya kutoboka, alitoka mmoja tu.

“Karibu, mwanangu,” Nyigu akamlaki.

Sisimizi, walinzi wa mti, wakamkagua. “Bibi, tazama mishipa ya bawa. Ukoo wako hauna mstari huu. Huyu ni wa mgeni.”

“Na wangu?”

Sisimizi mmoja akaingia kinunduni, akatoka na ganda kavu. “Njaa, bibi. Mwenzake alikula kuta zote.”

“Alijua?”

“Mle ndani ni giza. Alikula kilichokuwa karibu.”

Wakaamua afukuzwe mtini. Walipojipanga kumng'ata, Nyigu akasema, “Niachieni mimi.”

Akampangusa vumbi mabawani, akamsindikiza hadi ncha ya tawi, akamwonyesha upepo unakotoka, kisha akamsukuma.