Ajira Asilimia Mia

Kabla jua halijapanda vizuri, Yustus alikuwa ameshaajiriwa mara tatu. Alianza kama mlinzi wa mbuzi wa Placidia, akapandishwa kuwa msimamizi wa kisima, na kufikia chai ya asubuhi alikuwa bosi: Placidia mwenyewe amekubali kuwa karani wake. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Yote yalianza kwa Kahigi, mwenyekiti wa kitongoji chao huko Mabira. Jana yake redio ilisema watu wa serikali wanapita kuhesabu walio kazini, kwa sababu afya ya uchumi wa nchi huonekana kwenye idadi hiyo, kama homa ya mtoto inavyoonekana kwenye kipimajoto. Kahigi akaongeza chumvi yake: kitongoji kitakachokutwa kizima, hakuna asiye na kazi, ndicho kitakachowekewa umeme kwanza. Nani hataki umeme? Kufikia asubuhi kila mtu alikuwa na mwajiri, na kila mwajiri naye ana mwajiri wake. Na watu wa huku ukiwaambia wachague cheo, hawachagui kidogo. Rwegoshora, mpika rubisi, pombe ya ndizi, alijipa Mkurugenzi wa Vinywaji.

Aliyegoma ni mmoja tu, Winston, mtoto wa Mukabera. Ana stashahada ya uhasibu, na mwaka wa tatu huu anatuma maombi ya kazi bila kujibiwa. Mama yake alimpa umeneja wa ndizi. Akakataa.

"Mama, mimi sina kazi. Nikiulizwa nitasema hivyo hivyo."

Mukabera ilimuuma sana. Kila Jumapili kanisani alikuwa akimwombea huyu mtoto kazi kabla hajaomba kitu kingine chochote. Lakini kitongoji kizima kikose umeme kwa sababu ya mwanawe? Angepita wapi? Basi lori lilipoonekana kwenye kona, alimsukumia Winston kwenye stoo ya kahawa, akabana kufuli.

Kwenye lori alishuka bwana mmoja mnene, kalamu sikioni. Huko nyuma lori lilikuwa tupu, ila rundo la mabuti ya mpira, mapya. Alimwamkia Kahigi shikamoo, akauliza kama hapo kuna watu wasio na kazi.

"Hapa?" Kahigi akacheka. "Waitu, mgeni wetu, hapa hata mbuzi wana ajira."

Watu wakajitambulisha mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Kadiri mgeni alivyowasikiliza ndivyo alivyonyong'onyea. Alimbembeleza Yustus, mwanamume mwenye mabega mapana, akimuuliza kama kweli hana nafasi hata kidogo. Yustus akamjibu kuwa hana hata dakika, karani wake anasubiri maelekezo. Placidia aliuma kanga asicheke. Kahigi alimnong'oneza Mukabera kwamba hawa wa serikali wamezoea kukuta shida, wakikuta neema wanakosa la kuandika.

Mgeni alishukuru, akageuka kurudi kwenye lori. Hapo stoo ikapiga chafya.

Kahigi alisema ni kuku.

"Mimi hapa sina kazi," kuku akasema kutoka ndani, kwa sauti kubwa. "Nina stashahada ya uhasibu na sina kazi."

Mukabera alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua kufuli, na Winston akatoka amejaa makapi ya kahawa kichwani. Watu wote wakamkodolea macho huyu aliyewazimia umeme kabla haujawaka.

Mgeni akamkumbatia. Alimkumbatia kweli, na makapi yake yote, kisha akamfungulia mlango wa mbele wa lori na kumpakia.

Kahigi alikimbilia dirishani akiomba huyo asiandikwe, ni mmoja tu, tena ana utani mwingi.

"Mzee wangu, mimi siandiki mtu," mgeni alisema akiwasha gari. "Wale wa kuhesabu nimewaacha nyuma wamekwama kwenye tope, watafika kesho. Mimi nafungua kiwanda cha kukoboa kahawa pale Isingiro, nilikuja kuchukua wafanyakazi hamsini."

Wa kwanza kulikimbiza lori alikuwa Mkurugenzi wa Vinywaji.