Mwokotaji wa Kona ya Tatu

Kigari cha njano kiliruka tena kwenye kona ya tatu, kikagonga ukuta, kikaanguka sakafuni tumbo juu.

Jastin alikiokota kabla magurudumu hayajaacha kuzunguka, akakirudisha mezani.

"Pole, mama."

"Ahsante, mwanangu," alisema Regina. "Una mkono mwepesi."

Klabu ilikutana kila Jumamosi alasiri Kilakala, kwenye ukumbi wa vigae, kuzunguka meza kubwa ya mbao iliyochongwa mifereji minne myembamba. Kigari hufuata mfereji wake chenyewe. Dereva ana rimoti ya waya, kazi yake ni kubonyeza na kuachia. Ukichelewa kuachia, kona inakutupa. Na aliyemaliza kukimbia hakai: anasimama kwenye kona kuwaokotea wenzake. Mgeni hufundishwa hilo kabla hajashika rimoti. Okota kwanza, maneno baadaye.

Mfereji wa pili ulikuwa wa Gabrieli, mtoto pekee wa Regina. Alizikwa mwezi wa nne. Klabu ilikubaliana: mama akimaliza mizunguko kumi bila kuanguka, mfereji utabaki na jina la mwanawe. Alipewa nafasi tatu, na sasa alikuwa amebakiza moja. Mbili za kwanza zote zilimwishia kwenye kona ya tatu, kwa Jastin.

"Nyumbani haanguki huyu," Nasibu, mtunza saa, alimnong'oneza Jastin. "Nilikwenda kwake Bigwa kumfungia ile njia ya vigari ya marehemu sebuleni. Mkono mmoja rimoti, mkono mwingine anachambua mchele! Mizunguko thelathini, kigari hata hakitikisiki."

"Sasa hapa?"

"Hapa ni Gabrieli mwenyewe. Ana neno na kona yako."

"Acha utani wa makaburini, Nasibu."

"Haya. Ila tangu uuze pikipiki umekuwa mwoga, kaka."

Jastin alifuta viganja kwenye suruali.

Regina hakuwasikia, au alijifanya hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, anasafisha kigari kwa mswaki wa zamani, kama Gabrieli alivyokuwa akifanya. Kigari hicho mwanawe hakukiacha popote. Hata kanisani kilikaa kwenye mfuko wa shati, kimefungwa kwenye leso. Jastin ndiye aliyekileta msibani, bila leso. "Alikisahau klabu, mama," alisema siku ile, machozi yakimtoka. Usiku huo Regina alikaa jikoni na mswaki uleule, akitoa udongo mwekundu kwenye magurudumu mpaka maji yakawa safi.

Gabrieli aliokotwa Jumapili alfajiri kwenye kona ya barabara ya Kinole, karibu kabisa na nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Aliyemgonga alikuwa ameondoka zamani. Daktari alimwambia Regina, bila kumtazama, kwamba angeokotwa mapema angepona.

"Nafasi ya mwisho," Nasibu alitangaza. "Mama, taratibu. Achia kabla ya kona, siyo ndani ya kona."

"Nimeelewa, baba."

Kigari kikaondoka. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tano. Ilisikika sauti ya injini ndogo tu, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Kwenye kona ya tatu Regina aliachia, akabonyeza, akaachia. Mzunguko wa nane. Wa tisa. Wanachama walianza kuhesabu kwa sauti. Jastin naye alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mzunguko wa kumi, Regina aliinua macho kutoka mezani. Akamtazama Jastin, na kidole chake kikabonyeza mpaka mwisho.

Kigari kiliruka, kikaanguka miguuni pa Jastin. Akainama upesi, kama kawaida yake. Kisha mkono wake ukasimama hewani.

Regina aliweka rimoti chini.

"Kiokote, mwanangu," alisema kwa upole. "Kama ulivyokiokota kule barabara ya Kinole, ukamwacha Gabrieli."