Matofali ya Alfonsi

Alfonsi alikuwa anakanda udongo wa matofali kwa mikono, amepiga magoti, kama mtu anayekanda maandazi. Wenzake waliukanyaga wa kwao kwa miguu, na utani haukuisha.

"Fundi, hayo matofali au mikate?" akauliza Urbano, mbeba maji.

"Kanyaga wako. Huu uache."

Cornelia, mdogo wake Alfonsi, aliyewapikia mafundi, hakucheka. Nyumba yake haikosi watu, na kila umbea wa kijiji lazima upumzike kwanza barazani kwake. Lakini hili la kaka yake alilifungia kifuani.

Kanisa lilijengwa na mapadri wazungu enzi za mababu, kwa matofali mapana ya kuchoma ambayo kila ukoo ulibeba kichwani. Likasimama imara hadi mwaka wa radi. Radi ilipasua mnara, ikaiangusha altare, ikaua watoto wa kwaya. Watu wakatafuta mchawi wa kumtwisha lawama, wakampata Agnesi, mama yao Alfonsi na Cornelia, mjane aliyekuwa amegombana na watu wa kwaya wiki ileile. Wakampiga mpaka akafa. Hata makaburini wakamkatalia. Akazikwa nje ya ua wa minyaa, kando ya kichuguu, mahali ambapo hakuna anayepita. Cornelia mwenyewe huenda mara moja kwa mwaka, siku ya Marehemu Wote.

Mwaka huu, ukarabati ulipotangazwa, Alfonsi alikwenda kwa Mzee Maximilian, mwenyekiti wa kanisa.

"Shikamoo, mzee. Naomba mama tumhamishie ndani ya ua."

Mzee hakuitikia hata marahaba. "Aliyelibomoa kanisa hawezi kulala na wenye kanisa. Nikiwa hai, hapana."

"Sawa, mzee. Ila ipo siku mtapiga magoti."

Waliokuwepo walisikia. Kwa hiyo Alfonsi alipojitolea kufyatua bure matofali ya altare mpya na ukuta wa nyuma yake, kijiji kikashangaa, kisha kikasema amesamehe. Cornelia, aliyenyonya naye ziwa moja, hakuamini. Tofali linaweza kuiva nje, ndani likabaki bichi. Ukuta wa matofali hayo husubiri watu wajae ndipo uanguke.

Akaanza kumchunga. Udongo Alfonsi aliuleta mwenyewe kwa mkokoteni wa ng'ombe, ameufunika turubai. Akaazima kinu cha Cornelia, akasikika akitwanga nyuma ya nyumba.

"Unatwanga nini, kaka?"

"Vigae vya zamani. Vinakaza udongo."

"Basi nirudishie jioni, nina ulezi."

Alfonsi akakifuta kinu kwa kiganja. "Hiki usitwangie tena chakula, mdogo wangu. Nitakuchongea kingine."

Siku hiyo Cornelia hakula. Akajua ndani ya udongo ule kuna dawa.

Matofali yalipotoka tanuruni, moja lilikuwa limepasuka. Urbano akataka kulitupa. Alfonsi akamnyang'anya, akaokota vipande vyote mpaka chengachenga, akavifunga kwenye shati lake. Cornelia akasubiri ageuke, akagonganisha matofali mawili. Yakalia kama kengele. Christopha, fundi mkuu aliyetoka Sumbawanga mjini, akasema hajawahi kujengea matofali magumu kama yale. Hilo nalo halikumpa Cornelia usingizi.

Kanisa likafunguliwa siku ya Marehemu Wote, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Watu walijaa mpaka nje. Cornelia alikaa jirani na mlango, maua ya mama yake mapajani, macho yake kwenye ukuta mpya. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Akaifukizia altare ubani, akainama, akaibusu. Mzee Maximilian akawa wa kwanza kupiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye matofali, akalia kwa furaha.

Cornelia akafumba macho.

Hakuna kilichoanguka. Kwaya ikaimba, watu wakapokea komunyo, misa ikaisha. Cornelia akajiona mjinga. Miezi yote hiyo kumfikiria vibaya ndugu yake wa damu.

Watu walipoanza kumiminika kwenda makaburini, alimkuta Alfonsi bado yupo altareni, amepiga magoti, kiganja kimetulia juu ya tofali.

"Inuka, kaka. Twende kwa mama."

"Nenda tu," akasema bila kugeuka. "Mimi nimeshamsalimia."

Cornelia akazunguka peke yake nje ya ua wa minyaa hadi kwenye kichuguu. Msalaba wa mti ulikuwa umelazwa vizuri majanini. Penye kaburi palikuwa na shimo, kingo zimechongwa kwa jembe, chini limefagiliwa, maji ya mvua yameanza kutuama.

Akasimama hapo kitambo. Kisha akageuka na maua yake, akarudi kanisani.